Moja ya Kweli Kati ya Sita

Mgonjwa namba 217 alikuwa na nyusi nne.

Elinami Mkumbo alirudisha video nyuma, akaitazama tena. Nyusi mbili nene zilikuwa mahali pake, na juu yake mbili nyingine, hafifu kama moshi, zilitokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho kisha zikapotea. Akachukua kipande chake cha kadibodi, alichokikata kwenye boksi la majani ya chai na kukitoboa tundu jembamba katikati, akakibandika juu ya kioo ili aone paji la uso tu. Ndivyo alivyofundishwa: ukitazama uso mzima utadanganywa na uso, tazama kipande. Vivuli vilikuwepo. Akaandika kwenye fomu: "217. Vivuli, sehemu ya nyusi. Naomba fremu ghafi."

Hakuwaza kitu. Ilikuwa kasoro ya tatu siku hiyo, na chai ilikuwa haijafika.

Akisema anafanya kazi Nyumba ya Kungoja, watu hukaa naye kwa mbali, kana kwamba anashinda na maiti. Wala hapakuwa na maiti pale. Palikuwa na wagonjwa mia tatu na arobaini, wamelazwa usingizi wa baridi kwenye vyumba vilivyochimbwa ndani ya mawe makubwa ya Singida, wakingoja dawa ambazo hazijapatikana. Mara moja kwa mwaka kila mmoja hupashwa joto kidogo, akaelea karibu na kuamka, na muuguzi humwuliza swali moja: unataka kuamka? Akifungua macho, anaamshwa. Asipofungua, anarudishwa chini mwaka mwingine. Sheria ilisema kimya ni ridhaa, na sheria iliandikwa na watu waliokuwa macho.

Kamera za mle ndani zilikuwa za mwanga mdogo, maana mwanga mwingi huwaunguza ngozi. Zilipiga fremu nane tu kwa sekunde. Miaka ya mwanzo familia zilionyeshwa hivyo hivyo, zikapiga kelele: mbona mzee wetu anakatikakatika kama kikaragosi? Ndipo ikaletwa mashine ya kulainisha. Ilichukua fremu nane ikazifanya arobaini na nane, kwa kubuni fremu tano za kujaza kila pengo. Kwa hiyo katika kila fremu sita alizotazama Elinami, moja ilikuwa ya kweli na tano zilikuwa za mashine ikikisia. Kazi yake ni kukamata pale ilipokisia vibaya: mkwamo, fremu iliyojirudia, kidevu kinachoteleza kama sabuni, kitu kimoja kuonekana mara mbili. Familia zilipenda video laini. Zilisema sasa wagonjwa wanaonekana wamepumzika.

Elinami alikuwa hodari kuliko wakaguzi wote. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye macho alikuwa nayo. Kilichompungukia ni kuhisi. Tangu siku mama yake aliposhushwa kwenye chumba cha baridi, miaka sita nyuma, mambo yalimfikia kama maneno ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Alikula, alilala, alikwenda harusini akapiga vigelegele pale wenzake walipopiga. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na kitu.

*

Fremu ghafi zilitunzwa na Msengi, mwanamume wa makamo aliyeshinda na sweta mchana kutwa kwa sababu ghala la mashine zake lilikuwa baridi kuliko vyumba vya wagonjwa.

"Shikamoo, kaka Msengi."

"Marahaba. Leo umekuja mwenyewe? Si huwa unatuma karatasi?"

"Mia mbili kumi na saba. Ana nyusi nne."

"Basi huyo mwenzetu kazidishiwa," Msengi alisema, akacheka peke yake.

Akafungua faili. Fremu ghafi hazichezi zenyewe. Unazisogeza moja moja kwa kidole. Fremu ya arobaini na moja, mara tu baada ya swali: nyusi chini. Arobaini na mbili: juu. Arobaini na tatu: juu. Arobaini na nne: chini. Macho yalikuwa yamefumbwa muda wote.

"Zimeruka," Elinami alisema. "Mashine imeona mruko, ikadhani kamera imetikisika, ikaufuta. Safari hii imefuta vibaya, ndiyo maana vivuli vimebaki."

Msengi alirudisha kidole, akazisogeza tena. Chini, juu, juu, chini.

"Dada, huu si mruko. Huyu mzee anajibu."

"Anajibu nini?"

Msengi alimtazama, akanyanyua nyusi zake mwenyewe, chap, akazishusha. "Mke wangu nimekaa naye miaka ishirini na mitatu. Neno 'ndiyo' sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nikiuliza maji ya kuoga yapo, nyusi. Nikiuliza mtoto kalala, nyusi. Siku ya ndoa mchungaji alimwuliza mara mbili, akidhani binti hataki. Ukweni kwangu kanisa zima walimcheka mchungaji."

Elinami aliyajua hayo. Nani wa kwao asiyeyajua? Mama yake alikuwa akimjibu hivyo kutoka upande wa pili wa uwanja, ungo mikononi, na hakuna aliyewahi kumwambia atamke. Lakini hayo yalikuwa mambo ya jikoni na uani. Hapa ni kazini. Hapa fomu ilikuwa na visanduku viwili, "amefungua macho" na "kimya," na kwa miaka yote hiyo haikumpitikia kwamba mtu aliyelala nusu anaweza kujibu kama anavyojibu nyumbani kwake.

"Nifungulie wengine arobaini," alisema. "Wowote. Wa mwaka huu."

Iliwachukua mpaka saa saba mchana. Tisa kati ya arobaini walikuwa wamenyanyua nyusi baada ya swali. Kisha wakazitazama video zao laini, zile walizopelekewa ndugu, na kote waliona mapaji yaliyotulia, nyuso za watu wanaolala salama. Zote tisa zilikuwa na muhuri wa "safi." Sita kati ya hizo zilikuwa na sahihi ya E. Mkumbo.

Alingoja aumie. Hakuumia. Aligundua tu kuwa vidole vyake vina baridi, akavikunja ndani ya mikono ya koti.

"Mia tatu na nane," alisema.

Msengi alijua namba ile ni ya nani. Alijua pia kuwa mtu haruhusiwi kufungua faili la ndugu yake. Akasimama, akavuta sweta yake chini.

"Mimi nakwenda kunywa chai," alisema. "Nikiwa nimesahau kufunga mashine, usinisemee."

Mwaka wa kwanza mama hakufanya kitu. Mwaka wa pili alinyanyua nyusi, fremu mbili. Mwaka wa tatu zilikuwa juu, chini, juu tena, kama alivyozoea mtu akimwuliza jambo la kipuuzi: ndiyo, si nimeshasema ndiyo. Mwaka wa nne alizinyanyua akaziacha pale juu kwa fremu tano, zaidi ya nusu sekunde, na ngozi ya paji ikajikunja mistari mitatu kwa jitihada. Mwaka wa tano, mwaka jana, hakunyanyua chochote.

Faili la mwaka wa pili lilikuwa na karatasi ya maoni. Huo ndio mwaka mashine ilipokuwa ikifundishwa kazi. Wakaguzi walipewa vipande vya nyuso, huyu nyusi, yule mdomo, bila jina wala namba, ili siri za wagonjwa zisivuje. Kila walipoona kitu kinaruka waliandika kasoro, na mashine ikajifunza kukifuta. Waliifundisha kwa bidii sana. Elinami alipewa hata cheti. Kwenye karatasi ile, kwa mwandiko unaolalia kushoto, paliandikwa: "Nyusi zimeruka. Kasoro. Ifutwe. E.M."

Aliusoma mwandiko wake mara tatu. Alikuwa ameziona nyusi za mama yake kupitia tundu la kadibodi, wala hakuzitambua.

*

Bwana Gwandu, mkuu wa Nyumba ya Kungoja, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi zaidi. Alimmiminia Elinami chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akazitazama fremu alizochapisha, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Ishara ya kisheria ni kufungua macho," alisema mwishowe.

"Dawa ya usingizi inalegeza kope, bosi. Kwa wengi hazifunguki. Kinachobaki na nguvu kidogo ni nyusi."

"Hilo linawezekana." Alizipanga picha vizuri kama karata. "Lakini wanapoulizwa, nusu yao wako ndotoni. Mtu anaota anakaribishwa ugali, atanyanyua nyusi. Utamwamsha akafe kwa ajili ya ugali?"

Lilikuwa swali la haki.

"Mama yako ni mapafu, sivyo?"

"Vumbi. Aliponda kokoto miaka kumi na tisa."

"Daktari alimpa muda gani akiwa macho?"

"Siku sitini."

"Na mwaka jana hakunyanyua."

"Hakunyanyua."

"Basi jibu la mwisho ndilo jibu."

"Au alichoka kuwajibu watu wasiosikia," Elinami alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anasoma fomu.

Bwana Gwandu aliweka kikombe chini. Nje upepo wa Julai ulikuwa ukizungusha mapanga ya mitambo ya umeme juu ya mawe, na dirisha lilitetemeka kidogo.

"Alhamisi ndiyo zamu yake ya mwaka huu," alisema. "Dada Elinami, nitakwambia ukweli kwa sababu nakuheshimu. Nyusi zikiandikwa mara moja tu kwenye daftari la maswali, zimeshakuwa ishara. Haitakuwa habari ya mama yako peke yake. Itabidi tufungue fremu ghafi za watu wote, tuwaite ndugu zao mmoja mmoja, tuwaambie baba yenu aliomba kuamka na sisi tukampiga muhuri wa 'safi.' Wengine wataamshwa, watakufa mikononi mwa watoto wao. Sikukatazi kuandika. Nataka ujue unaandika nini."

"Na nisipoandika?"

"Kimya ni ridhaa," alisema Bwana Gwandu, na ilionekana maneno hayo yamemchosha hata yeye.

*

Jumatano, wakati wa chakula, alikaa juu ya jiwe nyuma ya jengo akampigia mdogo wake Kiula, fundi wa matrekta kule Igunga. Alimweleza yote, kuanzia nyusi nne mpaka karatasi yenye mwandiko wake. Kiula ndiye aliyetia sahihi pamoja naye siku mama aliposhushwa.

"Usimwamshe," Kiula alisema. "Dada, nakuomba. Mimi nikijua mama yupo, nafanya kazi. Kila mwaka naitazama ile video yake, naona amepumzika."

"Ile video si yeye. Fremu moja kati ya sita ndiyo yeye."

"Hiyo moja inanitosha."

"Katika hiyo moja anasema anataka kuamka, Kiula."

Upande wa pili Kiula akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na mpango, huku mlio wa trekta ukisikika nyuma yake. Elinami alisikiliza mpaka mwisho. Alimwonea wivu. Yeye alikaa juu ya jiwe lake na mlenda wake ukipoa, akijua kuwa hapa ndipo na yeye angepaswa kulia, wala hakuna kilichokuja.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" Kiula aliuliza, akipenga kamasi.

Alifikiri kwa uaminifu. "Nataka awe hai. Na nataka nimsikie. Vyote viwili sipewi."

"Sasa?"

"Nitaingia nimtazame mwenyewe. Bila kamera. Nitakachokiona ndicho nitakachokisema."

"Na kama hatafanya kitu?"

"Basi nitasema hakufanya kitu."

Aliahidi hivyo, na alimaanisha. Lakini alipokata simu alijua kuwa moyoni anaomba mama asinyanyue. Mwaka mmoja zaidi tu. Kila mwaka, mmoja zaidi.

*

Ndugu hawaruhusiwi kwenye chumba cha maswali. Lakini mkaguzi wa picha ana ruhusa ya kuingia mara moja kila msimu kupima taa na kamera, ruhusa ambayo Elinami hakuwahi kuitumia tangu aajiriwe. Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, alitia sahihi kwenye kitabu cha mlangoni, akavaa koti la baridi, akaingia. Kadibodi yake aliiacha mezani.

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Pili, mwanamke mfupi mwenye miwani, mwenyeji wa Kiomboi. Alimtazama Elinami, akatazama namba kitandani, na hakuuliza kinachompeleka pale siku hiyo hasa.

"Simama pale, dada Eli. Usiguse kitu."

Mama alikuwa mdogo kuliko kwenye video. Kwenye video ngozi yake ilikuwa nyororo na mashavu yamejaa mwanga. Hapa alikuwa na makunyanzi, na juu ya shavu la kushoto palikuwa na kovu la kipande cha kokoto kilichomrukia wakati Elinami yuko darasa la tatu. Mashine ilikuwa imelilainisha kovu lile mpaka likaisha. Elinami alikuwa amelisahau. Alishangaa kwamba unaweza kusahau kitu kama hicho huku ukitazama picha ya mtu kila mwaka.

Joto likapanda. Pumzi ya mama ikabadilika. Kifua chake kilikwaruza, sauti ile ile ya zamani.

Sista Pili alisoma kwenye karatasi. "Mgonjwa namba mia tatu na nane. Unataka kuamka?"

Kanuni ilitaka wahesabu mpaka thelathini. Sista aligeukia saa ya ukutani, kalamu mkononi. Elinami hakupepesa. Alitazama nyusi zile mpaka macho yakamchuruzika machozi ya kawaida tu, ya baridi na kukodoa. Kumi. Kumi na tano. Hakuna kitu. Kitu fulani ndani yake kilianza kushusha pumzi: mwaka mmoja zaidi.

Ishirini. Ndipo alipofikiri kuwa mama hajawahi maishani mwake kuitwa mia tatu na nane. Angejibuje? Nani anaitwa?

Hakupanga kusema. Alijikuta ameshainama.

"Mama. Ni Eli. Unataka kuamka?"

Nyusi zikanyanyuka. Juu, chini. Haraka, kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali moja miaka mingi na watu wasiojua kuuliza.

"Dada Eli, hairuhusiwi kusema," alisema Sista Pili bila kukaripia. Alikuwa bado anaitazama saa. "Thelathini. Haya. Naandika kimya." Akainamia daftari.

Hakuona. Kamera iliyokuwa juu ya kitanda ilikuwa imekamata fremu mbili labda, na kabla ya jioni mashine ingezifuta kwenye video, na paji la mama lingekuwa tulivu, na mkaguzi fulani angelipiga muhuri wa "safi." Duniani kote hakuna aliyeona ila Elinami. Akinyamaza, mama ataishi. Kiula ataendelea kufanya kazi. Bwana Gwandu atammiminia chai. Familia mia tatu na arobaini zitaendelea kutazama video zao. Hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu. Hata mama mwenyewe hatajua. Wala halikuwa jambo la kutenda. Lilikuwa jambo la kusimama tu pale pale alipokuwa amesimama miaka sita.

Na kama ni ugali aliokuwa akiuota, basi aje aule.

"Usiandike," alisema.

Sista Pili aliinua kichwa. "Amefungua macho?"

"Hapana. Amejibu."

"Amejibu?" Sista alimtazama mgonjwa, akamtazama Elinami, akavua miwani yake. Naye alijua maana ya siku sitini. Alikuwa amewashusha wengi na kuwaamsha wachache. Aliuliza polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma. "Dada Eli. Umemwona kweli?"

Elinami alifungua mdomo, sauti haikutoka. Kitu kilichoganda kifuani mwake tangu siku ile kilikuwa kinapanda, kimefika kooni, kinauma, kinauma sana, na hapakuwa na upenyo wa neno hata moja kupita. Alijaribu mara ya pili akashindwa. Machozi yalikuwa yakimwagika, na safari hii hayakuwa ya baridi.

Akanyanyua nyusi.

Sista Pili hakuuliza tena. Neno "kimya" lilikuwa limeshaandikwa; alilikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "nyusi," akaandika na saa, kisha akaenda kufungua joto.